Mpunga Unapolala na Mtoto

Katika nyumba nyingi za wakulima wa mpunga, ukiuliza stoo iko wapi utaonyeshwa chumba cha watoto. Hakuna anayeona ajabu. Mwamkulu, kata ya wakulima ndani ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, mpunga ukishakauka hutiwa kwenye viroba, viroba hupandishwa kimoja juu ya kingine hadi kukaribia bati, na watoto hutandikiwa godoro kwenye nafasi iliyobaki. Sababu zake kila mtu anazijua. Mpunga wa nje huibiwa. Mpunga wa kihengeni huvamiwa na panya. Mpunga wa chumbani hauondoki bila mtu kushtuka usingizini, na mlinzi asiyedai mshahara ni mtoto. Siucheki mpango huo, una akili yake. Ila kifua cha huyo mlinzi kinanishughulisha.

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Maji ya mto Katuma hushuka kuelekea mbuga za Katavi, kwa viboko na mamba, na mwisho wake ni bonde la Ziwa Rukwa; yale yanayokamatwa njiani na majaruba ndiyo yanayoilisha Mpanda wali. Kuanzia Mei majaruba hukauka, mpunga hugeuka rangi, na kazi inakuwa kukata, kupiga na kupepeta. Shule zikifungwa mwezi wa sita watoto wote wako shambani: wakubwa wanabeba miganda, wa kati wanaokota masuke yaliyodondoka, wadogo wanarukia lundo la majani ya mpunga mpaka wanapotelea humo. Jioni wanarudi wamepauka, macho mekundu, pua zinawasha. Wengi wao wakioga yanakwisha. Wachache hayaishi. Usiku kifua kinaanza kulia mluzi, mtoto anakaa kitako ameinamia mbele, mabega yamepanda, kila pumzi anaivuta kwa misuli ya shingo.

"Vumbi la mpunga limemwingia," watu husema. Na kweli limemwingia, ila vumbi hilo si udongo na makapi peke yake. Jani la mpunga likianza kufa, kuvu hulishukia kabla ya jembe na kabla ya moto. Wanasayansi wanawajua wenyeji wawili wa majani makavu karibu kila mahali duniani, Alternaria na Cladosporium, na hao ndio wanaoacha madoa meusi kama masizi kwenye mabua yaliyokaa. Kuvu haizaliani kwa mbegu kama mpunga. Hutoa vijimbegu visivyoonekana kwa macho, kwa mamilioni, na upepo ndio mpanzi wake. Lundo likirushwa kwa uma, au kwa miguu ya watoto, vijimbegu vyote hupanda hewani kwa pamoja.

Tuhuma dhidi ya vumbi la nafaka ni za zamani. Mwaka 1700 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, aliwatengea sura wapepetaji na wapimaji wa nafaka, akaeleza vikohozi vyao na vifua vyao vilivyochoka mapema. Mwaka 1873 Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyekuwa akisumbuliwa na mzio wa chavua za majani, aliandika jinsi alivyokwenda mbali zaidi: aliotesha kuvu kwenye mabua ya ngano yenye unyevu, kisha akavuta vijimbegu vyake puani mwenyewe. Kifua kilimbana, sauti ikamkauka, na hakuwa na hamu ya kulirudia jaribio lile. Mwaka 1924, huko Winnipeg nchini Canada, Dk. Cadham aliandika habari za wakulima waliopata pumu kwa kuvuta vijimbegu vya kutu ya ngano, ambayo nayo ni kuvu. Leo hakuna kamati ya maadili ya utafiti ambayo ingempa Blackley kibali. Watoto wetu wanalirudia jaribio lake kila Juni na hawajaomba kibali kwa mtu.

Kwa nini mmoja abanwe na ndugu yake aliyelala naye godoro moja asibanwe? Sehemu kubwa ya jibu imo katika damu. Mwaka 1966 Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, walitambua kingamwili kinachoitwa IgE. Wakati huohuo watafiti wa Uppsala, Sweden, walikuwa wakikifikia kwa njia nyingine. Kingamwili hicho ni askari wa kale, na adui aliyezoea kupigana naye ni minyoo. Kwa watu wengine, mara nyingi wenye pumu katika ukoo, askari huyu hujifunza kimakosa kwamba kijimbegu cha kuvu ni adui wa kiwango hicho. Kijimbegu kikigusa ukuta wa mirija ya hewa, kengele hupigwa: misuli inajikaza, utando unavimba, makohozi mazito yanajaa. Ndugu aliyeko pembeni amevuta vumbi lilelile, mwili wake haukuona cha kupigania, naye anakoroma.

Alternaria inastahili kuogopwa peke yake. Mwaka 1991 madaktari wa Mayo Clinic, jimbo la Minnesota, walichapisha habari za vijana na watoto 11 wenye pumu ambao ghafla pumzi ziliwakatika kabisa. Kumi kati yao walikuwa na mzio wa Alternaria. Kati ya wenye pumu wengine waliolinganishwa nao, wenye mzio huo hawakufika hata theluthi. Minnesota iko kwenye ukanda wa nafaka, na matukio yale yalikuja majira ya joto na mwanzo wa vuli, kuvu zinapojaa kwenye hewa ya mashamba.  

Hiyo ni kuvu ya nje, ya Juni na Julai. Ya ndani ina kalenda nyingine, nayo ndiyo inayonirudisha kwenye chumba cha viroba.

Mpunga uliokaushwa hadi unyevu wake ukawa chini ya asilimia 14 hutulia. Ukizidi hapo kuvu huamka, na kuvu za ghalani ni ukoo mwingine, Aspergillus na Penicillium, wanaoridhika na unyevu kidogo mno. Mabwana shamba wana kipimo kisichohitaji umeme: chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha dakika chache, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mpunga bado haujakauka. Lakini hata mpunga uliofaulu mtihani wa chumvi mwezi wa saba hauna hakika ya Desemba. Mvua zikianza, sakafu ya udongo hunyonya maji, ukuta wa tofali mbichi hutoa jasho, na viroba vya chini vilivyoegemea ukuta hurudia unyevu vilioutoa. Ukiingia asubuhi chumba kina harufu ya uvundo ambayo wenye nyumba hawaisikii tena. Madirisha ni madogo, na usiku hufungwa kwa sababu ya mbu, kwani Katavi malaria si hadithi. Mtoto anakingwa na ugonjwa mmoja kwa kufungiwa ndani na mwingine.

Na kwa nini mpunga wa Julai uwe bado chumbani Desemba? Bei. Anayeuza wakati wa mavuno anauza pamoja na kila mtu, na madalali wanalijua hilo. Anayengoja mpaka Januari au Februari, wakati mpunga wa mwaka jana umekwisha na wa mwaka huu bado uko majarubani, anapata bei ya kumwezesha kulipa michango ya shule na kununua mbolea. Kirobani mle mna akiba ya familia nzima. Ukimwambia baba auze mapema ili chumba kiwe safi unamwambia avunje benki, tena kwa hasara.

Kijimbegu cha Aspergillus fumigatus kina upana wa mikroni 2 hadi 3, yaani kimoja kikilinganishwa na unywele ni kama punje ya mchele mbele ya gogo. Kwa udogo huo kinapita puani, kinapita mirija mikubwa, kinafika mpaka hewa inapokutana na damu. Tena kuvu hii haikimbii joto la mwili. Kwenye nyuzi 37 inaota vizuri. Mwaka 1952 madaktari watatu wa Uingereza, Hinson, Moon na Plummer, walieleza wagonjwa ambao kuvu hii ilikuwa imeanzisha makazi ndani ya mirija yao ya hewa, ikiishi katika makohozi na kuuchokoza mwili bila kupumzika. Hali hiyo haiwapati watoto wengi, lakini ikiachwa bila kutambuliwa huharibu mirija isirudi tena.

Binamu yake, Aspergillus flavus, tunamjua vizuri zaidi, kwa sababu aliua hadharani. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu yake, sumukuvu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Tangu hapo sumukuvu imeingia kwenye mikutano ya vijiji, redioni na kwenye mafunzo ya kuanika juu ya turubai. Ni kazi nzuri, na yeyote anayeanika mpunga wake vizuri kwa kuogopa sumukuvu anampunguzia mtoto vijimbegu hata kama hakuwa na nia hiyo. Ila kampeni nzima imetazama mdomo. Mtoto hula mara tatu kwa siku akibahatika. Kuvuta hewa, mtoto wa miaka mitano anavuta zaidi ya mara 25,000, na maelfu ya hizo anazivuta akiwa amelala.

Zahanati nako kuna utata wake. Mama anafika alfajiri, mtoto mgongoni.

"Homa ilianza lini, mama?"

"Homa hana, daktari. Ni kifua. Ikifika usiku kinambana, mchana anacheza."

Mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa unamtaka mhudumu ahesabu pumzi: 40 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, au 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka, ni dalili ya nimonia. Mtoto aliyebanwa na pumu anazifikisha hizo bila taabu. Mwongozo huohuo unasema mwenye mluzi apewe kwanza dawa ya kufungua mirija, kisha ahesabiwe upya. Lakini foleni ni ndefu, dawa hiyo haipo kila siku, na nimonia kweli inaua. Kwa hiyo anaandikiwa antibayotiki. Siwezi kumlaumu mhudumu anayeogopa kifo kinachojulikana. Shida ni kwamba pumu ina tabia ya kuachia yenyewe, na ikiachia, sifa zinakwenda kwa chochote kilichotumika mwisho: vidonge, kitunguu saumu na asali, au mganga. Wiki tatu baadaye inarudi, na kadi ya mtoto inajaa nimonia sita ambazo hazikuwa nimonia.

Vipimo vya mzio, vya kuchoma ngozi kwa tone la dondoo la kuvu, ni vya hospitali kubwa chache. Hata kwa bara zima elimu yenyewe ni changa: Richard Kwizera wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walipokusanya tafiti za Afrika kuhusu pumu ya kuvu, wakachapisha mwaka 2019, zilizopatikana zilikuwa za nchi chache. Lakini mama yule tayari amefanya nusu ya uchunguzi. Anajua kifua hubana wakati wa kupiga mpunga, kikatulia Agosti, kikarudi mvua zikianza. Anajua mtoto akienda kulala kwa bibi yake anapona. Maneno hayo yakiandikwa kwenye kadi kwa tarehe, mwaka mmoja unatosha kumwonyesha mhudumu mwenye macho jambo ambalo kipimo cha ngozi kingelithibitisha tu.

Kisha kuna woga wa pampu ya pumu. Utasikia kila mahali kwamba ukianza pampu huachi, kwamba pampu ni ya waliokwisha kukata tamaa, bora vidonge. Kumbe vidonge vya salbutamol vinapita tumboni na kuzunguka mwili mzima, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, na kifuani kinafika kidogo. Pampu inaweka dawa palepale penye ugonjwa kwa dozi ndogo mno. Na salbutamol peke yake, iwe kidonge au pampu, inafungua tu mrija uliojikaza. Uvimbe unaosababishwa na kuvu unatulizwa na pampu ya pili, ya steroidi, inayotumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Hii ya pili ndiyo adimu vijijini, na ndiyo inayopunguza vifo.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu kwa wakati sahihi, dawa inaishia ulimini. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa tundu kitakoni ili pampu ikae humo barabara, inafanya kazi sawa na kifaa cha kununua dukani. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, pampu inabonyezwa, naye anapumua taratibu mara kadhaa. Chupa za maji za nusu lita zimezagaa Mpanda nzima, kuanzia stesheni ya treni.

Hapa lazima nijibishane na nafsi yangu, maana kuna ushahidi unaokwenda upande wa pili. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa watoto wa mashambani Ulaya, uliochapishwa katika New England Journal of Medicine, ulionyesha kuwa wale walioishi na aina nyingi zaidi za bakteria na kuvu walikuwa na pumu kidogo. Miongoni mwa vilivyohusishwa na kinga hiyo ilikuwamo Eurotium, kuvu ya ukoo uleule wa Aspergillus! Gabon, mwaka 2000, watoto wenye kichocho walionekana kuwa na mzio kidogo wa utitiri wa vumbi. Entebbe, Uganda, wajawazito waliopewa dawa ya minyoo albendazole walizaa watoto waliopata ukurutu zaidi kuliko wa wale ambao hawakupewa. Na katika wilaya ya Wakiso, Harriet Mpairwe na wenzake walikuta pumu zaidi kwa wanafunzi waliozaliwa au kukulia mjini utotoni kuliko wa vijijini. Askari yule wa kale, akiwa na minyoo wa kupambana nao na vumbi la kila aina la kumfundisha, inaelekea hatafuti ugomvi na kila mpita njia.

Basi je, vumbi la mpunga ni dawa? Sidhani. Zizi la wazi lenye aina mia za viumbe si chumba kilichofungwa chenye kuvu mbili tatu zilizoshamiri juu ya kiroba chenye unyevu. Na Mwamkulu iko njiani: imo ndani ya manispaa, majarubani bado ni shamba, dawa za minyoo zinagawiwa shuleni, bati linachukua nafasi ya nyasi. Watoto wanapoteza ulinzi wa kijijini kabla hawajapata nyumba kavu ya mjini. Ongeza moshi wa kuni, na mafua yanayopitishwa darasani, ambayo kwa watoto ndiyo huwasha pumu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kuvu haifanyi kazi peke yake. Lakini moshi huzimwa asubuhi na mafua hupita, kiroba kinabaki.

Na kuvu ya chumbani huweza kuua. Desemba 2020, mjini Rochdale, Uingereza, alikufa mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, wa wazazi kutoka Sudan. Nyumba yao ya kupanga ilikuwa imejaa ukungu ukutani. Baba yake alilalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Novemba 2022 uchunguzi wa kifo ulisema wazi kwamba ukungu ule ndio ulioharibu njia zake za hewa, na mwaka 2023 Bunge la huko likatunga sheria yenye jina lake, kuwabana wenye nyumba za jamii waushughulikie ukungu kwa muda maalumu. Kule alikuwepo mwenye nyumba wa kushtakiwa. Mwamkulu mwenye nyumba ni baba mwenyewe, na ukungu wake ni mali.

Serikali inayo dawa ya tatizo hili, kwa upande wake. Mpanda ni mojawapo ya miji minane ambako Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula umejengewa vihenge vya chuma na maghala kwa mkopo kutoka Poland, vihenge ambavyo ndani yake joto na unyevu hupimwa. Mahindi ya taifa yanalala vizuri. Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu 2005, na ghala la kata lenye mlango, kufuli na mtu wa kuaminika lingemwezesha mkulima kungoja bei ya Februari bila kulala na mzigo. Neno zito hapo ni kuaminika. Wakulima wengi wamewahi kusikia ghala la ushirika lililofunguliwa likiwa na upungufu, na mtu aliyesikia hivyo hukumbatia viroba vyake.

Stoo ya nyumbani ni tofali za kuchoma, bati kadhaa, mlango wa chuma, na fedha zake zimo kirobani humo zikingoja Februari. Kwa sasa kuna chaga: miti miwili mitatu na mbao chini ya viroba, vikae juu ya sakafu na mbali na ukuta. Kuna godoro la kuanika juani. Kuna kupepeta upepo ukienda kinyume na nyumba, na mwenye pumu akapewa kazi ya kuwinga ndege badala ya kurukia majani. Na kwa nyumba yenye vyumba viwili kuna kubadilishana tu: watoto wahamie kwa wazazi, baba ahamie kwenye viroba. Wezi nao wanamwogopa zaidi.